UZI: Babu kaandikwa hana baba. Namna ya kusoma vitabu vya misheni na mafaili ya mkoloni unapotafuta ukoo wako

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Nyuzi za watu wanaotafuta koo zao zimekuwa nyingi humu na mimi huzisoma zote. Karibu kila mtu anagota palepale: jina la baba analo, la babu analo, akifika kwa aliyemzaa babu anakuta vurugu. Cheti kinasema hivi, shangazi anasema vile, na kwenye kaburi kuna jina la tatu. Ukoo wa baba yangu nimeufuatilia mpaka pale nilipofika, kwa hiyo nitaweka hapa niliyoyaona. Wenye ya kwao waongeze.

Kuna jambo moja nalitanguliza kwa sababu bila hilo mengine yote yatakupoteza. Kila karatasi ya enzi za mkoloni iliandikwa kwa haja ya aliyeiandika. Padri alitaka kujua nani anaruhusiwa kufunga ndoa kanisani. Karani wa boma alitaka kodi ya kibanda. Meneja wa shamba la mkonge alitaka siku 30 za kipande (kadi ya kuhesabia siku za kazi) zitimie ndipo alipe. Hakuna hata mmoja aliyeandika ili sisi wajukuu tujue nani alimzaa nani. Ukiijua haja ya mwandishi, unajua neno lipi la kushika na lipi la kuachia.

Sasa kisa chenyewe. Babu mzaa baba alibatizwa mwaka 1909 katika misheni moja ya Wakatoliki milimani Uluguru. Nyumbani tulikuwa na cheti chake cha ubatizo, kimepigwa chapa miaka ya 1950, na mahali pa baba pana jina la mzee ambaye ukoo wetu wote unatumia jina lake. Hatukuwa na sababu ya kushuku. Tatizo ni kwamba wazee walikuwa na maneno yao ya chini chini: babu alikuwa mweupe kuliko ndugu zake wote, na mama yake akiulizwa alikuwa akiondoka mahali pale. Ikawa inasemwa ni mtoto wa "Mgiriki wa reli".

Hadithi hiyo ilikuwa na mantiki. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, na Kigoma 1914. Wagiriki wengi walikuwa wakandarasi wadogo kwenye ujenzi huo. Mtoto mweupe azaliwe Morogoro 1909, watu watasema nini?

Nikaenda kuomba kuona kitabu chenyewe, sio nakala. Paroko alinisikiliza vizuri, akakubali nisome mbele ya katekista. Ni kitabu kirefu, jalada la ngozi limeliwa na wadudu pembeni, wino umekuwa kahawia. Kila mtoto ana mstari: namba, tarehe ya ubatizo, tarehe ya kuzaliwa kwa kukadiria, jina, kisha wazazi, msimamizi, na sahihi ya padri. Yote kwa Kilatini. Kwa babu, mahali pa baba padri aliandika *patre ignoto*, yaani baba hajulikani, halafu jina la ubatizo la mama. Pembeni mwa mstari huohuo, kwa mkono mwingine na wino mweusi zaidi, kuna maandishi madogo: mwaka 1934, jina la parokia nyingine, na jina la bibi yangu.

Kwa hiyo cheti na kitabu vinapingana. Nitaeleza kwa nini, na kwa nini wala hakuna aliyedanganya.

Mleta uzi (inaendelea)

Tuanze na yale maandishi ya pembeni, maana ndiyo hazina ambayo wengi wanaipita. Mwaka 1907 Roma ilitoa amri iitwayo *Ne Temere*, ikaanza kutumika Pasaka ya 1908. Ilitaka ndoa ya Mkatoliki ifungwe mbele ya paroko na mashahidi wawili, na ikishafungwa, habari zipelekwe parokia alikobatizwa kila mmoja, ziandikwe kando ya jina lake. Maana yake, kitabu cha ubatizo cha baada ya 1908 kikitunzwa vizuri kinakuonyesha mtu alikoenda kuoa au kuolewa miaka 20 au 30 baadaye. Usipige picha ya mstari tu. Piga ukurasa mzima, pembeni na chini.

Nilitumia njia hiyohiyo kwa mama yake babu. Nikatafuta ubatizo wake, pembeni nikakuta ndoa: 1911, miaka miwili baada ya babu kuzaliwa. Nikafungua kitabu cha ndoa cha 1911. Bwana harusi ndiye yule mzee tunayetumia jina lake. Hakuwa amebatizwa, padri ameandika kwamba ndoa imeruhusiwa kwa ruhusa ya tofauti ya dini, *disparitas cultus*.

Hapo ndipo cheti cha miaka ya 1950 kilipoeleweka. Mzee alimwoa mama akiwa na mtoto, akamlea, akamsomesha katekisimu, akamlipia kodi alipokuwa kijana. Babu alipohitaji cheti kwa ajili ya kazi, aliyemtambua kama baba ni huyo. Karani wa parokia akaandika anachokijua kijiji kizima. Padri wa 1909 alijibu swali la nani amezaa ndani ya ndoa. Karani wa 1950 na kitu alijibu swali la mtu huyu ni wa nani. Maswali mawili, majibu mawili, yote kweli.

Na Waluguru hawakuwa na tabu hiyo tangu mwanzo. Ukoo ni wa mama. Mtoto ni wa lukolo (ukoo) lwa mama yake, ardhi anapata huko, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Wakaguru, Wanguu na Wazaramo nao ni hivyohivyo. Kwa mila, babu hakuwahi kuwa mtoto asiye na kwao hata siku moja. Aliyemfanya awe na pengo ni kitabu kilicholetwa na watu wanaohesabu ukoo kwa baba. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona humu vijana wakilia kwamba bibi yao "alizaa haramu" kwa kuwa tu wamekuta neno la Kilatini. Jiulize kwanza: kwa watu wa bibi, mtoto huyo alikuwa na shida gani?

Mchangiaji, Lushoto

Asante mkuu kwa uzi uliokwenda shule. Huku kwetu Usambara tulikuwa chini ya Walutheri wa Bethel, walifika Mlalo 1891. Vitabu vya sharika vingine vimepotea, lakini barua na ripoti za wamisionari zipo Ujerumani, Wuppertal, kwenye hifadhi ya misheni. Mimi nilimpata babu mkubwa kwenye ripoti sio kwenye kitabu cha ndoa: mmisionari analalamika kwamba mzee ana wake watatu na anataka kubatizwa. Kabatizwa baada ya kubaki na mmoja. Sasa wale wengine wawili na watoto wao, ndio sisi.

Mleta uzi

Mkuu wa Lushoto umegusa penyewe. Hili limevuruga koo nyingi kuliko Wazungu wote wa reli. Mtu alikuwa na wake watatu, wote kwa mahari halali, mashahidi wapo, ng'ombe au mbuzi wametoka. Akataka ubatizo. Makanisa mengi yalimtaka abaki na mmoja. Aliyebaki akaandikwa mke, wale wengine wakawa hawapo kwenye karatasi. Watoto wao wakibatizwa baadaye wanaandikwa hawakuzaliwa katika ndoa, ingawa wamezaliwa katika ndoa iliyotangulia ile ya kanisani kwa miaka 10. Ukikuta ndugu wa baba mmoja, huyu "halali" na yule "si halali", tarehe zimekaribiana, tafuta tarehe ya ubatizo wa baba kabla hujatafuta mchepuko.

Na kukosekana kwa ndoa kwenye daftari la serikali hakumaanishi chochote kwa Mwafrika wa wakati ule. Wajerumani waliandikisha ndoa za Wazungu. Waingereza Tanganyika walikuwa na sheria yao ya ndoa tangu 1921, na waliooana kimila hawakuwa na haja nayo. Hadi Sheria ya Ndoa ya 1971 ndipo ndoa zote, za kidini na za kimila, zikawekwa chini ya mwavuli mmoja wa kuandikishwa. Kwa hiyo ukiambiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, kwamba ndoa ya bibi ya 1938 haipo, usishangae. Hakuna aliyekuwa akiiandika.

Unataka ushahidi wa ndoa ya kimila? Tafuta ilipovunjika. Mahakama za wenyeji, hasa baada ya sheria ya 1929, zilijaa kesi za mahari. Mume anadai mahari irudishwe, na katika kudai anataja yote: alioa msimu gani, alitoa nini, kwa nani, nani alishuhudia, watoto wangapi wamepatikana na wanabaki kwa nani. Kesi ya kurasa mbili ina habari kuliko cheti chochote cha ndoa. Daftari hizo nyingine zimo Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, nyingine zimebaki wilayani kwenye stoo. Omba kwa heshima na uwe na subira, watunza kumbukumbu wengi wana moyo wa kusaidia wakiona hujaja kutafuta kesi ya shamba.

Mchangiaji, Zanzibar

Ahlan. Huku visiwani mambo ni tofauti kidogo. Hadhi ya utumwa kisheria ilifutwa Aprili 1897 kwa amri ya Sayyid Hamud bin Muhammad, lakini masuria (watumwa wa kike waliowekwa kinyumba na mabwana zao) waliachwa nje, mpaka 1909 ndipo na wao wakaingizwa. Sasa bibi yetu mkuu alikuwa suria. Hati ya ndoa hatuioni popote, na baadhi ya jamaa upande wa baba wanasema sisi si wenzao kwa kuwa hakukuwa na nikahi. Mleta uzi unasemaje?

Mleta uzi

Shekhe wangu, hati ya ndoa hamtaiona kwa sababu haikuwa inatakiwa. Kwa sheria ya Kiislamu iliyofuatwa na makadhi wakati ule, mtoto wa suria ambaye bwana amemkiri ni huru, ana nasaba ya baba, na anarithi sawa na mtoto wa mke wa nikahi. Mama naye akiisha kuzaa hauzwi, na bwana akifa anakuwa huru. Wana wa Sayyid Said bin Sultan waliokalia kiti cha Zanzibar, Majid, Barghash, Khalifa na Ali, wote walizaliwa na masuria. Hakuna aliyewaambia si watoto wa baba yao.

Kwa hiyo kinachotafutwa kwenu si nikahi, ni ukiri. Tazameni mirathi kwa kadhi, na tazameni hati za wakfu. Mtoto akitajwa kwenye mgawo, yamekwisha. Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani wana hati nyingi, nyingi kwa Kiarabu na nyingine kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kwa hiyo nenda na mtu anayesoma mkono wa zamani. Tarehe zitakuwa za Hijria. Mwaka 1320, kwa mfano, ulianza Aprili 1902, na kila mwaka unarudi nyuma siku kama 11, kwa hiyo usitoe tu namba ile ile kwa miaka yote.

Tahadhari mbili kwa wote wa pwani. Kwanza, aliyeachwa huru mara nyingi alichukua jina la kabila la bwana wake. Kukuta babu ana nisba ya Kiarabu (jina la kabila la Kiarabu) kwenye hati hakukwambii peke yake kama ni damu au ni umiliki. Pili, "bin Abdallah". Aliyesilimu, au ambaye baba yake hakujulikana, mara nyingi aliitwa hivyo, maana kila mtu ni mwana wa mja wa Mungu. Kuna ukoo nimeuona umemtafuta Abdallah huyo Kilwa mpaka Lamu. Ukikuta Feruzi bin Abdallah au Mabruki bin Abdallah wa miaka ya 1890, kwanza fikiria kwamba unatazama mtu aliyewahi kuwa mtumwa, ambaye majina yote mawili alipewa.

Mchangiaji, Mombasa

Niongezee ya Kenya. Sisi familia yetu ni ya Frere Town, kijiji cha walioachwa huru kilichoanzishwa na CMS, shirika la misheni la Kianglikana, mwaka 1875. Watoto walitolewa kwenye majahazi na manowari za Waingereza, wakifika wanapewa majina, mengine ya Kizungu kabisa. Ndiyo maana mtu mweusi tititi wa asili ya Nyasa anaitwa kwa jina la ukoo la Kiingereza na watu wanasema ni chotara. Hakuna uchotara hapo, ni jina alilopewa. Karatasi za CMS ziko chuo kikuu cha Birmingham. Kuhusu vizazi, kwa Waafrika uandikishaji ulipanuliwa wilaya kwa wilaya hadi 1971 ndio ukaenea nchi nzima, kwa hiyo cheti cha kuzaliwa cha babu wa 1925 usikitarajie. Kipande, huku kwetu ni cheti cha kuandikishwa, ndicho mkombozi: kuanzia 1919 na 1920 kila mwanamume alibeba, kina kabila, lokesheni, mwajiri na mshahara.

Mleta uzi

Sahihi kabisa, na kwa kipande ongeza hili: jina lililomo ni jina la kazini. Mashamba ya mkonge ya Tanga ni hivyohivyo. Manamba aliyetoka Songea au Kigoma aliandikwa jina alilosikia karani, au alijiandikisha kwa jina la ndugu yake aliyepimwa afya akafaulu. Mabinamu zangu upande wa mama walimkosa babu yao Muheza kwa sababu walimtafuta kwa jina la nyumbani. Walipouliza wazee wa kambi alikuwa akiitwaje, akapatikana mara moja.

Tunaingia sasa kwenye jambo zito, la wenye hadithi ya "Mjerumani" au "Mwingereza".

Kwanza, msitafute cheti cha ndoa ya Mjerumani na bibi yenu baada ya 1906. Mwaka huo serikali ya Kijerumani Afrika Mashariki ilizuia kuandikisha ndoa za Wazungu na Waafrika, kama ilivyokuwa imefanya kule Kusini Magharibi, Namibia ya leo, mwaka mmoja nyuma. Bunge la Berlin lilipiga kura mwaka 1912 kutaka ndoa hizo zitambuliwe, serikali haikutekeleza. Hata kama mtu huyo aliishi na bibi miaka sita, akamjengea nyumba na akawapa watoto majina, karatasi haipo kwa sababu ilikatazwa kuwepo.

Upande wa Waingereza ni kimya cha aina nyingine. Mwaka 1908 kulizuka kashfa Nyeri, ofisa wa wilaya aitwaye Silberrad alikuwa akijichukulia wasichana wa Kiafrika, habari zikafika gazeti la The Times. Januari 1909 Waziri wa Makoloni, Lord Crewe, akatoa waraka wa kuwaonya maofisa wote juu ya kuishi na wanawake wa nchi. Matokeo yake si kwamba waliacha. Walificha. Faili la ofisa litakuonyesha vituo, likizo, malaria na pensheni, lakini mtoto humkuti. Bado faili hilo lina faida: linakwambia alikuwa wapi mwezi gani. Ukipiga hesabu ya miezi tisa nyuma ukakuta yuko likizo London, basi umemfuta. Mawasiliano ya Tanganyika yako Kew, London, kwenye nyaraka za taifa za Uingereza, fungu CO 691, ya Kenya CO 533, ya Zanzibar CO 618. Ya Wajerumani yako Berlin, fungu R 1001. Magazeti rasmi ya serikali nayo yanataja uhamisho wa maofisa na matangazo ya mirathi.

Na ninaomba sana tusiwe wepesi wa kuita mahusiano hayo mapenzi. Bwana mwenye boma, askari na kiboko, na binti wa miaka 16 anayechota maji bomani. Bibi aliyenyamaza miaka 60 alikuwa na sababu yake. Ukikaa naye kumhoji, usianze na "baba yake baba ni nani". Anza na alikoishi, nani alikuwa akipika naye, kituo kilikuwa na watu gani, mvua au njaa ya mwaka ule ilikuwaje. Akitaka kusema atasema. Asipotaka, mwache. Haki ya kunyamaza ni yake.

Mchangiaji, Lubumbashi

Jambo ndugu zetu wa Tanzania. Huku Kongo na kule Rwanda na Burundi, Wabelgiji walifanya vibaya zaidi. Watoto wa baba Mzungu na mama Mwafrika walinyang'anywa kwa mama zao, wakapelekwa kwa masista. Wa Save, Rwanda, wengi walipelekwa Ubelgiji miaka ya mwisho kabla ya uhuru. Majina yalibadilishwa, tarehe za kuzaliwa zilibadilishwa, ndugu wakatenganishwa. Mama yangu mkubwa ni mmoja wao. Tunaweza kupata nini leo?

Mleta uzi

Pole sana ndugu, na asante kwa kuleta. Ninyi mna kitu ambacho sisi hatuna: dola iliyokiri. Bunge la Ubelgiji lilipitisha azimio mwaka 2018, Aprili 2019 Waziri Mkuu Charles Michel akaomba radhi bungeni, na tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels ikaihukumu serikali katika kesi ya wanawake watano waliochukuliwa wakiwa wadogo, ikasema kuwateka watoto hao kulikuwa jinai dhidi ya ubinadamu. Nyaraka za Taifa za Ubelgiji zina mradi maalumu wa kuwasaidia waliochukuliwa na wazao wao kupata mafaili yao. Huko, faili la mtoto mara nyingi ndilo lenye jina la baba, maana serikali iliwafuatilia watoto hao mmojammoja. Mama mkubwa kama yu hai, ombi liende kwa jina lake mwenyewe. Na tarehe ya kuzaliwa iliyomo kwenye faili msiifanye msingi wa kumkataa mtu, kwa kuwa ndiyo iliyochezewa.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Mkuu hujamaliza kisa. Mgiriki ni kweli au si kweli? Kwa nini msipime DNA mkamaliza?

Mleta uzi

Tulipima, nami nilikuwa naisubiri hiyo. Kwanza tuelewane. Tanzania upimaji wa vinasaba unasimamiwa na sheria ya 2009, na msimamizi ni Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa hiyo kuna utaratibu wa kufuata. Aliyepima kwetu ni binamu yangu anayeishi Toronto, alipima huko huko kwa mate.

Hesabu iko hivi. Kama baba wa babu alikuwa mtu wa nje kabisa, babu ana nusu ya damu hiyo, baba na ndugu zake robo, na sisi wajukuu kama moja ya nane, yaani asilimia 12 na nusu, ikipanda au kushuka kidogo. Kwa wajukuu wa babu bado kinaonekana vizuri. Kila kizazi kinachopita kinapunguza nusu, ndiyo maana wapimwe wazee kwanza kabla ya vijana.

Majibu yakaja: Ulaya hakuna. Hakuna Ugiriki, hakuna Ujerumani. Kilichokuwepo, kwa kiasi hasa cha moja ya nane, ni Bara Hindi, na jamaa wa mbali waliolingana naye wana asili ya Gujarati.

Baba mdogo alikataa kwa siku kadhaa. Amekua na Mgiriki, amewasimulia wanawe Mgiriki. Lakini ukitulia inaeleweka. Reli ilipofika Morogoro ilileta maduka, na wenye maduka wengi walikuwa Wahindi. Kijiji kiliona mtoto mweupe na reli mpya, kikaunganisha. Padri naye, kama alijua, hakuandika, kwa sababu kitabu chake hakikuwa cha kutaja nani amefanya nini, kilikuwa cha kusema mama hana ndoa.

Jina la mtu huyo hatulijui. Jamaa wa vinasaba waliolingana na binamu ni wa mbali mno, uhusiano wa vizazi vinne na zaidi, na nimewaandikia bila kuwasukuma. Nao wana bibi zao na siri zao.

Mchangiaji, Morogoro

Mleta uzi, mimi ni Mluguru wa hukohuko. Swali moja: sasa kwenye mti wa ukoo umemwandika nani kuwa baba wa babu yako? Na jina la ukoo mtabadilisha?

Mleta uzi

Jina habadilishi mtu. Mzee aliyelipa mahari mwaka 1911 akijua mtoto yupo, ndiye jina letu, na mirathi na makaburi yanamfuata yeye.

Kwenye mti nimeweka mistari mitatu kutoka kwa babu, na ninashauri kila mwenye hali hii afanye hivyo. Mmoja unakwenda kwa mama na lukolo lwake, huo umenyooka mpaka vizazi vitano kwa ushahidi wa wazee na kitabu. Wa pili, wa nukta nukta, unakwenda kwa mlezi, umeandikwa "baba kwa malezi, ndoa 1911". Wa tatu unakwenda kwenye kisanduku kisicho na jina: "mwanamume wa asili ya Gujarati, Morogoro, takriban 1908". Chini ya kila mstari nimeandika umetoka wapi: kitabu gani, mzee gani alisema, kipimo gani. Hadithi ya Mgiriki sijaifuta, iko kwenye maelezo pembeni, na jina la aliyeisimulia kwanza ninayemkumbuka. Kesho mtoto wa mwingine akikuta karatasi nyingine, awe na pa kuanzia.

Mkuu, kama una muda, kwenye parokia zenu za milimani tazama vitabu vya 1907 hadi 1912. Hesabu wangapi wameandikwa *patre ignoto* miaka miwili kabla ya reli na miaka miwili baada. Sijapata mtu wa kunisaidia kulinganisha parokia zaidi ya mbili, na ningependa kujua kama kwetu ni peke yetu.